Mkataba wa Tatu wa Fundi Noa

Kwa miaka thelathini na minne, karibu kila aliyekatwa mguu kati ya Pangani na milima ya Lushoto alipitia mikononi mwa Noa Shemweta. Alikuwa fundi wa viungo bandia katika hospitali moja ya serikali mjini Tanga, kwenye karakana ya vyumba viwili nyuma ya jengo la kufulia. Alichukua umbo la kigutu kwa plasta, akachonga, akaunganisha, kisha akamsimamisha mtu kati ya vyuma viwili vya kushikilia na kumwambia, "Haya, usiangalie chini. Niangalie mimi."

Tuhfa aliletwa kwake akiwa na miaka minane, mgongoni kwa mama yake. Mama huyo alikuwa akiuza machungwa pale njia panda ya Muheza, na lori lililokuwa likirudi nyuma halikumwona mtoto. Noa akamtengenezea mguu. Mtoto akakua, mguu ukawa mfupi, akamtengenezea mwingine, na mwingine tena. Kufikia kidato cha nne Tuhfa alikuwa amevaa miguu saba, yote kazi ya mkono mmoja, na akasema hataki kusomea kitu kingine isipokuwa kazi hiyo. Akaenda chuo Moshi, akarudi na stashahada yake ndani ya bahasha ya plastiki. Ajira zilikuwa hazijatangazwa.

"Njoo ujitolee hapa," Noa alimwambia. "Mimi nastaafu mwakani. Nafasi ikitangazwa, nani atakushinda?"

Mwaka wa kustaafu ulipofika, Leticia, mke wa Noa, alikuwa ameanza kusafishwa damu, figo zote mbili zimechoka. Mara tatu kwa wiki. Kiinua mgongo kiliyeyuka kabla ya Pasaka. Katibu wa hospitali, Bwana Hosea, ndiye aliyemwonyesha njia: mafundi wa aina yake ni wachache, serikali inaweza kumrudisha kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Pensheni itaendelea kuingia kama kawaida, na mshahara nao utaingia. Noa alitia saini bila kusoma mara mbili. Pale Chumbageni majirani walimtania kwamba ameoa serikali mara mbili. Yeye alicheka nao, akaenda kununua dawa.

Tuhfa aliendelea kuja kila asubuhi kutoka Nguvumali, akavaa aproni, akafanya kazi kama mwenye ajira, na mwisho wa mwezi Noa alimpa nauli kutoka mfukoni mwake. Baadhi ya jioni alipitia nyumbani kwao Noa, akamsugua Leticia miguu iliyovimba huku wakizungumza mambo yao ya kike na kucheka kwa sauti ya chini.

Mkataba wa pili ukafuata wa kwanza. Februari, mkataba huo wa pili ukikaribia kwisha, Leticia alifariki. Walimzika kwao, mlimani, mvua ikinyesha.

Noa alirudi Tanga kwenye nyumba yenye viti sita na mtu mmoja. Watoto wake wawili walikuwa Mwanza na kazi zao. Wiki ya kwanza alikuwa akipika chakula cha watu wawili bila kujua. Wiki ya tatu akaacha kupika. Hosea alipomletea fomu ya kuombea kibali cha mwaka wa tatu, Noa aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayezama aliyerushiwa kamba.

Kulikuwa na swali moja katikati ya fomu: je, kituoni kuna mtumishi au mtu mwingine yeyote mwenye ujuzi huu? Kalamu ikasimama.

"Andika hakuna, mzee," alisema Hosea. "Ukiandika yupo watauliza kwa nini basi tunakuhitaji wewe. Kibali kitakwama."

Kupitia dirishani Noa alimwona Tuhfa uani, amepiga goti moja, akimfunga mtoto mikanda ya mguu mpya. Akaandika hakuna.

Miezi mitano ilipita. Siku moja Tuhfa alitumwa masijala kuchukua faili la Noa, kwani kulikuwa na uhakiki wa watumishi. Alilileta, akaliweka mezani, akaendelea na kazi yake hadi mgonjwa wa mwisho alipoondoka. Ndipo akasema, "Fundi, naomba nikuulize jambo."

"Uliza, mwanangu."

"Hivi mimi ni nani hapa?"

Noa alidhani ni mzaha, akatabasamu. Tuhfa hakutabasamu. "Nimeiona ile fomu. Ule ni mwandiko wako."

"Aa, ile ni lugha ya ofisini tu. Wao wanauliza watumishi. Wewe hujaajiriwa bado, ningekuandikaje?"

"Wameuliza mtumishi au mtu." Sauti yake ilikuwa tulivu. "Mtu, fundi."

Noa alishika koleo, akaliweka chini.

"Mama Leticia alipokuwa hai sikuwa na neno," Tuhfa aliendelea. "Nilikuwa naona hela inakwenda wapi, na nilikuwa nikimwombea. Lakini ile fomu ni ya Machi. Mama tulimzika Februari."

Angeweza kumwambia juu ya ile nyumba na jinsi alivyokuwa akikaa karakana hadi mlinzi aje na funguo, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Alichosema ni, "Mwaka huu ndio wa mwisho. Nakuahidi."

"Hata mwaka juzi ulisema hivyo."

Alinawa plasta mikononi, akavua aproni, akaitundika. "Shikamoo, fundi," alisema mlangoni, ingawa walikuwa wameshaamkiana asubuhi. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Noa alifanya kazi peke yake. Mwezi uliofuata alimtengenezea mguu mkulima mmoja wa machungwa kutoka Muheza, Shaib, mtu mpole mwenye kisukari aliyekatwa chini ya goti. Alipopitisha vidole ndani ya kikombe cha mguu, pale kigutu kinapoingia, aliona ni laini. Shaib akashukuru, akaenda zake. Baada ya wiki tatu alirudi amebebwa na nduguye, kigutu kimechimbika kidonda pale mfupa ulipogusa ukingo. Madaktari walijaribu walivyoweza. Mwishowe wakamkata tena, juu ya goti.

Noa alikwenda wodini kumwona, akasimama mwisho wa kitanda. Shaib ndiye aliyemliwaza. "Usijitie simanzi, fundi. Ni kadari."

Usiku huo hakupata usingizi. Akilini alimwona Tuhfa, miaka ile yote, akikichukua kila kikombe alichokimaliza yeye na kukipeleka dirishani penye mwanga. Kumbe alikuwa akipitisha vidole nyuma ya vidole vyake, akisugua palipobaki pakali, bila kumwambia asije akamvunjia heshima. Vidole vyake Noa vilikuwa vimekufa ganzi zamani, na mtu mmoja tu alilijua hilo.

Asubuhi alimpelekea Hosea barua ya kuacha kazi.

"Mbona imebaki miezi minne tu, mzee?"

"Nimekwisha. Mwite Tuhfa achukue nafasi yake."

Hosea aliisoma barua, akaikunja taratibu. "Nafasi hairithishwi kama nyumba. Inaombwa, inaingia kwenye bajeti, inatangazwa. Na miaka yote mitatu hatukuomba fundi mpya kwa kuwa wewe ulikuwepo. Tukiomba leo, labda mwakani."

Karakana ikafungwa kwa kufuli. Waliokuja na miguu iliyovunjika waliambiwa wajaribu Moshi, na wengi hawakuwa na nauli ya kufika huko.

Tangazo lilitoka baada ya mwaka na zaidi: nafasi moja, Tanga. Noa alichapisha nakala yake moja, akaenda nayo Nguvumali kwa miguu. Alimkuta Tuhfa kwenye kibanda cha kutuma na kutoa pesa, ameolewa, amenenepa kidogo. Tuhfa alimwamkia, akamtolea kiti, akaagiza chai. Kisha akalisoma tangazo lote, hadi chini.

"Nilishaliona, fundi. Sitaomba."

"Kwa sababu yangu?"

"Si kwa sababu yako tu. Nilikaa pale miaka minne nikingoja mtu aseme nipo. Sasa hamu imekwisha. Hapa watu wananijua kwa jina."

Mteja akaja, akahudumiwa, akaondoka. Noa alikuwa akiangalia chai yake, na hapo ndipo aliposema. "Niliiogopa nyumba, Tuhfa. Baada ya mama. Haikuwa mshahara. Jioni ikifika nilikuwa naogopa kufungua mlango."

Macho ya Tuhfa yalijaa machozi. "Ungeniambia tu, fundi. Tungekuja, mimi na mama yangu, tukakaa nawe, tukapika. Mtaa mzima ungekuja. Kwani ilikuwa lazima iwe karakana?"

Noa alimaliza chai kwa sababu ilikuwa imemiminwa, akasimama. Tuhfa alimsindikiza hadi barabarani akichechemea. Mguu ule wa mwisho alioutengeneza Noa ulikuwa umelegea kwenye kifundo, na wote wawili waliusikia ukigonga, na hakuna aliyeutaja.

Nafasi ilikwenda kwa kijana wa Mbeya. Aliripoti Novemba, akakuta panya wamekula mikanda na plasta imeganda ndani ya magunia, akaomba uhamisho kabla ya Krismasi.

Siku hizi pensheni ikiingia, Noa hupanda basi hadi Muheza kumtembelea Shaib. Humkuta kibarazani, magongo yameegemezwa ukutani, wanawe wakichuma shambani. Hukaa pamoja wakimenya machungwa na kuzungumza bei na mvua. Shaib hajawahi kumlaumu. Ila kila mara, wakati wa kuagana, humuuliza, "Fundi, karakana inafunguliwa lini?"

"Mwakani," husema Noa.

"Inshallah," husema Shaib, na kumpa mkono.