Sauti ya Safu ya Nyuma

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa bado na nywele kichwani na kiburi tele, nilimnyang'anya binti wa watu wimbo wake. Wewe huniuliza kwa nini nikialikwa kwenye tamasha nakaa karibu na mlango. Keti basi. Nimechoka, lakini hili nitalisema.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa nikitunga michezo ya jukwaani yenye nyimbo, na mazoezi mimi na kwaya yangu tukiyafanyia katika chumba kimoja River Road, juu ya duka la wapiga chapa. Rispa, karani wa ofisi moja kule Hurlingham, mzaliwa wa Vihiga, ndiye aliyekuwa sauti yangu. Kila jioni alikuja kwa miguu kutoka kazini, akavua viatu, akaimba. Wimbo wa mama anayemngoja mwanawe niliutunga nikiipima sauti yake, kama fundi anavyopima bega la mteja. Nikamwahidi atauimba mbele ya watu, Jumapili mchana, katika ukumbi wa mjini. Akamwandikia mamake aje.

Wiki ya mwisho wafadhili wakaniletea mwimbaji mgeni, mwanamke mwenye jina, aliyefikia kwenye nyumba kubwa Kitisuru. "Huyu atakujazia viti," waliniambia. Nami nilikuwa na njaa ya viti vilivyojaa. Nikampa wimbo wa Rispa. Sauti yake ilikuwa nzito, basi nikaushusha wimbo mzima, wanaume wangu wa besi, sauti ya chini kabisa, wakabaki kunguruma kama tumbo. Alifanya mazoezi nasi mara moja tu, huku akitazama saa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe lile nilimbebea.

Lakini kosa kubwa si hilo. Kosa ni kwamba sikumwambia Rispa. Niliogopa macho yake. Alijua mwenyewe alipopita kwa wapiga chapa na kuona karatasi za ratiba, jina la mgeni mahali pa jina lake, wino haujakauka.

"Mwalimu, si ungeniambia tu?" alisema. "Na mama ashapanda basi."

Nikamwambia aimbe safu ya nyuma ya kwaya, siku yake itakuja. Maneno hayo ni rahisi sana kwa anayeyatoa.

Jumapili ukumbi ulijaa kweli. Mgeni aliimba ubeti wa kwanza vizuri, siwezi kumsingizia. Wa pili ukampotea. Piano ikarudia palepale mara moja, mara mbili, ikimngoja. Ndipo sauti ikatoka safu ya nyuma, ikauchukua ubeti hadi mwisho, huku mgeni akichezesha midomo. Watu wakasimama kushangilia. Nami nikampa mgeni maua.

Mlangoni mama mmoja mwenye kitambaa kichwani akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kwa heshima ambayo sikuistahili.

"Mwalimu, sauti ya mtoto wangu nimeisikia," akasema. "Lakini yeye mwenyewe sijamwona."

Rispa hakurudi River Road tena. Nilimfuata ofisini, nikamkuta akipiga taipu. Akanisalimia vizuri, akaniuliza hali ya wanakwaya, akaendelea na kazi yake. Baada ya hapo nimealika wageni wengi, wengine wema kabisa, na kila maua yanapotolewa mimi huona aibu upya; ndiyo maana hukaa karibu na mlango, pale aliponishika mkono mama yule.

Kwa hiyo, mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Mwalike mgeni, mpe kiti kizuri na chai ya maziwa, lakini wimbo uliomtungia mtu mwache auimbe. Ikikulazimu kumnyima, nenda umwambie ana kwa ana, asije akasoma kwenye karatasi. Na akikuokoa mtu, mlete mbele hata kama wewe utaaibika. Mimi nilikuwa na hatua saba tu kufika safu ile, na sikuzipiga.

Mungu akupe masikio ya kusikia na miguu myepesi kuliko yangu. Na siku utakayoimba, mamako akuone.