Fungu la Rosemery

Kwa miaka kumi na tisa Mwalimu Theodori alifundisha hesabu Kiberege, na somo la uwezekano ndilo lililomfanya ajione bingwa. Alitia maharage manne kwenye kopo, jekundu moja na meupe matatu, akawaita wanafunzi wachomoe bila kuchungulia. Kila lililotoka lilirudishwa. Shilinde, kijana wa kidato cha nne, akasema jekundu likishatoka haliwezi kutoka tena upesi. Theodori akacheka, na darasa zima likamfuata.

"Kopo halikumbuki, bwana mdogo! Kila ukichomoa, nafasi ya jekundu ni ileile, moja kwa nne."

Wiki hiyohiyo mkewe, Luciana, alikuwa uani akipepeta mchele. Binti yao Rosemery, wa miaka mitano, alilala mkekani, mifupa ikimuuma. Alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Hospitalini Ifakara waliambiwa kwamba kwa wazazi kama wao, mtoto mmoja kwa wanne huugua. Luciana alikuwa mkulima, na mkulima hugawa vitu kwa mafungu.

"Baba Rosemery, fungu letu la ugonjwa amelichukua huyu," akasema. "Waliobaki ni wazima. Tuzae."

Theodori alitamani mno mtoto wa kiume, na ndugu zake wa Lupiro walikwisha kuanza kumsema. Watu husema mganga hajigangi. Lakini huyu dawa alikuwa nayo ulimini, neno moja tu, akalimeza. Ulikuwa woga, tena woga wa aibu.

Beatus alizaliwa mnono. Luciana alimbeba mgongoni kwenye palizi ya mpunga, akiwaambia majirani kwamba mkosi umepita. Kabla mtoto hajatimiza mwaka, mikono na miguu ikamvimba, akalia siku mbili hataki kunyonya. Wakampeleka Ifakara, akapimwa damu. Luciana aliyajua majibu kabla daktari hajamaliza kuyasoma.

Wakakaa kwenye benchi la nje, mtoto mapajani mwa mama yake.

"Wewe ndiye mwalimu wa hesabu," Luciana akasema. "Ulijua kwamba huyu naye angeweza kuugua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa kuzaa."

"Ningekataa, ndiyo." Kisha akamtazama Beatus, aliyekuwa amemshika kidole, akaanza kulia kwa ajili ya neno alilolisema.