Pasi ya Makaa Kwenye Baraza ya Vioo

Kila Desemba mpambaji huja kutoka Kinoo na gunia la matawi ya saiprasi, na mimi, askari wa lango hili la Kilimani, ndiye humbebea hadi kwenye baraza ya vioo. Hasalimii mtu kabla ya kuyanusa. Lililokauka hulivunja, zuri hulikata kwa kisu cha jikoni na kulisimamisha kwenye kopo la maji, maana jua la vioo halina huruma na majani. Kisha hufungua boksi la vitu vya zamani: taa ya chemni, vikombe vya bati vilivyobanduka rangi, pasi ya makaa. Akiulizwa amevitoa wapi, hujibu bila kuinua macho, "Soko ya Dagoretti."

Mwaka jana Madam Ivyne, mwenye nyumba, alimwambia aijaze ile pasi majani. Akaifungua, akapuliza ndani ingawa hapakuwa na jivu. Halafu akalowesha kidole kwa mate, akaigusa chini na kukiondoa upesi, vile mtu hupima moto. Pasi ilikuwa baridi.

"Hiyo niuzie, mama," Madam akasema.

"Chukua taa. Chukua hata vikombe."

"Mimi nataka pasi."

"Hiyo ni ya kuja Krismasi tu, Madam. Ikiisha inarudi nyumbani."

"Nyumbani wapi? Si ulisema ni ya soko?"

Mpambaji alikuwa bado ameishika, na kidole gumba chake kilikuwa kimetulia kwenye kishimo kilicholika katika mpini wa mbao.