Moto Ulioombwa Mara Mbili

Sekela wa Lupasa, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Matilda kwa jina la mtoto wake wa kwanza, hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa na migomba yake, ng'ombe mmoja wa maziwa, na darasa la nne alilolisoma kwa Wamoraviani akalimaliza vizuri. Lakini uchaguzi wa mwaka sabini na tano ulimkuta jikoni, na jikoni ndiko ulikoharibikia.

Siku ya kura yeye na shoga yake Tusajigwe walipewa kazi ya kuwapikia wasimamizi wa kituo, pale shuleni. Wagombea walikuwa wawili, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Lupasa walikuwa watu wa jembe, na hawakuficha. Saa kumi jioni kituo kikafungwa. Karani wa kituo, Ezekia, kijana wa kalamu tatu mfukoni, akaja jikoni na kopo.

"Mama Matilda, nipe moto niyeyushie lakiri."

Akampa makaa. Sanduku la kura likafungwa kwa lakiri nyekundu mbele ya watu wote, likapigwa mhuri, watu wakapiga makofi, wakaenda kukama ng'ombe wao. Lori la kulipeleka Tukuyu kwenda kuhesabiwa likachelewa.

Haikupita saa, Ezekia huyoo, karudi na kopo lake.

"Mama Matilda, nipe moto tena."

"Wa nini tena?" Tusajigwe akamtania. "Umeanza kuvuta bangi, karani?"

Ezekia hakucheka. Akarudi upesi bila kungoja. Sekela akachochea kuni, akapata makaa mazuri, akayapeleka mwenyewe. Alipofika mlangoni mwa darasa aliona sanduku liko wazi, kifuniko kimeegeshwa ukutani, na Ezekia kashika karatasi za kura mikono yote miwili.

"Weka hapo hapo, mama. Usiingie."

Akaweka. Wiki ile ile ikatangazwa kwamba nyumba imeshinda jimbo. Kituo cha Lupasa kilikuwa na wapiga kura mia mbili na kumi na wanne. Kura zake zilizohesabiwa zilikuwa mia tatu na mbili. Sijui hizo nyingine zilizaliwa na nani.

Aliyesema twende mahakamani ni Mwalimu Timotheo, mzee wa kanisa, mtu wa hapo hapo. Alijua kwamba mpiga kura wa kawaida anaweza kufungua shauri Mahakama Kuu kupinga matokeo. Akazunguka nyumba kwa nyumba na kidau cha wino, watu wakatia dole gumba. Kila mji ukatoa mkungu wa ndizi ili ada ipatikane. Hawakuweza kuweka wakili, kwa hiyo wakakubaliana Mwalimu ndiye atakayewasemea.

"Shauri zima limekaa juu ya moto wako, Mama Matilda," alimwambia Sekela. "Hesabu watasema ni kosa la kalamu. Wenzako wamesikia. Wewe umeona."

Miezi mitatu alikuja kumfundisha namna ya kusema mbele ya jaji. Sekela alimpikia chai, akamkirimu kama ndugu. Jambo moja tu lilimsumbua.

"Nasikia baba mkwe naye ni shahidi, wa daftari la kuandikisha wapiga kura."

"Yeye Jumanne, wewe Jumatano," Mwalimu akajibu. "Mama Matilda, kwani mimi nimezaliwa Dodoma? Najua miiko."

Maana kwetu mke hamtazami baba wa mumewe. Hasemi mahali anapomsikia, na jina lake halitamki. Akisikia anakuja njiani, anajifunika kichwa, anaingia migombani, anachuchumaa na kumpa mgongo mpaka apite. Kanisa halikuuondoa mwiko huo katika mji ule. Miaka kumi na minane ya ndoa, Sekela hakuwahi kuuona uso wa mkwewe. Alimjua kwa fimbo na kwa kikohozi.

Jumatano hiyo, mwezi wa tatu, alipanda kizimbani Mbeya kavaa kitenge kipya. Chumba kimejaa. Akainua mkono ashike Biblia.

Akasikia kikohozi.

Benchi la mbele, si hatua sita. Miguu yake ilijua kabla ya kichwa. Alivuta kitenge akajifunika, akachuchumaa, kisha akatoka kinyumenyume ameinama mpaka nje, huku watu wa upande wa nyumba wakiangua kicheko.

Alijibanza chini ya dirisha akisubiri sentensi moja tu. Jaji alikuwa mgeni wa mkoa, asingejua. Lakini Mwalimu alijua. Ilikuwa aseme, "Mheshimiwa, yule mzee ni mkwewe, naomba atoke kidogo." Basi. Hata mtoto angeisema.

"Shahidi wako ana nini?" jaji akauliza.

"Sijui, Mheshimiwa," ilikuwa sauti ya Mwalimu Timotheo. "Naona ameogopa kiapo."

Ameogopa kiapo! Yaani mwongo. Sekela akainuka, akasahau hata mwiko, akapiga kelele dirishani, "Sikuogopa! Aliniomba moto mara mbili! Mara mbili!"

Askari akamshika mkono. "Mama, hapa si sokoni."

"Una shahidi mwingine?" jaji akauliza ndani.

"Sina, Mheshimiwa."

Jioni hiyo shauri likatupwa.

Stendi ya basi, mkwewe alisimama nyuma ya magunia ya viazi, Sekela upande wa pili kajifunika, na mama mkwe akawa anakwenda na kurudi kati yao kubeba maneno.

"Mzee anasema kosa si lake, mwanangu. Mwalimu alimjia alfajiri, akamwambia jaji anamtaka tena leo, na kwamba wewe ulitoa ushahidi jana yeye alipokwisha kuondoka. Akamkalisha mbele kwa mkono wake. Ulipoingia naye aliinama, hakujua pa kutokea."

"Mwambieni simlaumu, mama."

Mwezi wa saba Mwalimu Timotheo akawa katibu kata. Hapo hata wagumu wa kuelewa wakaelewa. Siku chache baadaye akakutana na Sekela njiani, ana sukari kwenye mfuko.

"Ugonile, Mama Matilda! Nilikuwa nakuja kwako."

Sekela akajifunika kitenge. Akaingia migombani, akachuchumaa, akampa mgongo.

"Mama Matilda! Una nini? Mimi si mkwe wako!"

Kesho yake Tusajigwe akafanya vivyo hivyo. Kesho kutwa, wanawake wanne waliotoka kisimani. Mwezi haukwisha, kila katibu kata alipopita Lupasa njia ilibaki tupu na migomba imejaa migongo. Akiitisha mkutano, wanawake walikuja wote, wakakaa wamefunikwa, wamegeukia ukutani. Wanaume walicheka mwanzoni, kisha wakaacha kucheka. Mwaka uliofuata aliomba uhamisho, akaenda Ipogolo kule Iringa, ambako wanawake hawamjui.

Lakini yule bwana wa alama ya nyumba alikaa bungeni miaka yake mitano, akamaliza.

Siku moja mama mkwe alileta swali. "Mzee anauliza, heshima uliyompa yeye miaka yote, mbona umempa na yule mwizi?"

Sekela aliacha kumenya ndizi.

"Mwambieni heshima yake sikuigawa, mama. Yule aliiuza kura yangu, akachukua na mwiko wangu akanifungia nao mdomo. Nilimrudishia kile alichokitumia."

Mzee alipoletewa jibu hilo, inasemekana aliitikia kwa kichwa, akaridhika. Sekela hakuridhika. Kikohozi kile, ambacho miaka kumi na minane kilimwambia tu apishe njia, tangu Mbeya kila alipokisikia kilimrudisha kizimbani, mkono uko juu, na neno halijatoka.