Kipofu Aliyempita Mwenye Macho

Zenzi Obwexer anazo medali saba, na ile ya shaba ameifunga kwenye ufunguo wa choo cha nyumba yake ya wageni, ili walevi wasiondoke nao. Ukimuuliza sababu, atakwambia, "Hiyo ndiyo inayofanya kazi. Hizo nyingine zinakula vumbi tu, na mwenyewe sizioni."

Macho yalimzimika akiwa na miaka tisa, hapa hapa bondeni kwetu Tirol, nchi ya milima na theluji, ambako mtoto huvalishwa mbao za kutelezea thelujini kabla hajajua kufunga vifungo vya koti. Baba yake hakujua kubembeleza. Alijifunga kengele ya ng'ombe kiunoni, akashuka nayo mteremkoni, na binti akaufuata mlio. Zenzi husema ndiyo maana amekua na tabia za ng'ombe: mkaidi, mzito wa nyuma, na akikuta ua haruki, anauvunja.

Alipoolewa na Vinzenz, mpishi wa madonge ya mkate mwenye sauti ya kufukuzia kunguru, kengele ikapumzika. Mume akawa kiongozi wake mashindanoni: yeye mbele, mke nyuma, redio masikioni, "Kushoto! Kulia! Nyooka!" Wakashinda huku na huko. Na kila mara kabla ya kushuka, mwamuzi aliikagua miwani ya Zenzi, iliyopakwa rangi nyeusi tii, maana sheria inataka hata kipofu azibwe macho asije akaiba kwa kuona. "Mimi wananiogopa," alikuwa akijisifu. "Wanajua siku moja nitachungulia."

Kisha akavunjika mguu. Aligonga kigingi cha kuonyesha njia, akabingirika kama gunia la viazi, na Vinzenz akashuhudia yote. Mguu wa mke ulipona kabla ya moyo wa mume. Tangu hapo mwanamume akawa anageuka nyuma kila kona, na anayegeuka hupunguza mwendo. Na sheria ya mchezo haina huruma: kipofu akimpita kiongozi wake, wanatolewa wote wawili.

Msimu uliofuata, kwenye mashindano ya taifa, mstari wa mwisho ukiwa karibu kabisa, Zenzi akasikia mbao za mumewe zikikwaruza ubavuni mwake, halafu nyuma yake. Bendi ya matarumbeta ya bondeni, iliyokuwa imekwisha kunywa, ikapiga wimbo wa ushindi mpaka mwisho ndipo ikaambiwa kwamba wametolewa. Jamani! Mwaka mzima Zenzi hakukanyaga duka la mkate bila kusikia, "Mpisheni Zenzi, asije akatupita na sisi wenye macho!" Alicheka nao. Aliwaambia yeye ndiye mtu pekee Tirol aliyenyang'anywa leseni kwa mwendo kasi kabla hajapewa. Lakini nyumbani, akikata vitunguu vya madonge, alilia, na alijua si vitunguu.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Chama kilimwambia waziwazi: shindano moja tu limebaki. Akiingia tatu bora, anakwenda mashindano ya dunia. Akikosa, ahsante, kwaheri.

Siku ile, kwenye kibanda cha kuanzia, baridi ilikuwa ya kung'oa masikio.

"Vinzenz, leo utakimbia?"

"Haraka haraka haina baraka, mke wangu."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Langu limeuma mwaka mzima."

Vinzenz akavuta kamasi. "Siwezi kuacha kugeuka, Zenzi. Nisipokuona, najiambia umekufa."

Siku nyingine angemtania. Leo alimshika mkono.

"Sikiliza, bwana wee. Mimi sijakutazama hata mara moja miaka yote hii, na kila asubuhi najua upo. Na wewe leo usinitazame. Mpaka chini tu."

"Mpaka chini?"

"Mpaka nitakapokwambia geuka. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mume wangu mimi ndiye wa kwanza kuambiwa asitazame. Haya, twende!"

Akaenda, na alienda kwelikweli. "Kushoto! Kulia! Kulia, kaza!" Kwa mara ya kwanza tangu avunjike, Zenzi alilazimika kumkimbiza. Goti likalalamika, akalitukana. Kigingi kikamchapa bega, akayumba, mguu mmoja hewani, akatoa ukelele wa mbuzi anayechinjwa, na bila shaka Vinzenz aliusikia. Akigeuka sasa, mambo yamekwisha. Redio ikanyamaza. Zenzi akajua mumewe anapigana na shingo yake mwenyewe.

"Kulia," ikasema redio, ikitetemeka. "Nyooka. Nyooka, nyooka!"

Kusimama hajawahi kujua vizuri, hata siku zake njema. Alivuka mstari na kumvaa mtu kwa kishindo. Bendi safari hii ilisubiri tangazo, na kipaza sauti kikatangaza: nafasi ya pili, Obwexer na Obwexer! Matarumbeta yakalia. Zenzi akampapasa mtu wake kutafuta uso wa kuubusu, asiupate. Akapapasa tena. Ukosi wa koti, kisogo, mabega yanayotikisika.

"Vinzenz! Mbona umenipa mgongo?"

"Hujaniambia nigeuke."

Zenzi akaegemeza paji la uso kwenye mgongo ule.

"Geuka, mjinga wangu," akasema. "Nipo."