Yaya Aliyeleta Pete

"Calvince, mtoe huyu mzee hapa! Mtoe kabla sijaivunja hii televisheni yako!"

"Mama Duke, wameshaoana."

"Nani amewaozesha?"

"Si ni wewe ulibonyeza ndiyo?"

Vijana wawili waliokaa kwenye benchi la banda la gemu wakaangua kicheko. Bathsheba, ndiye huyo Mama Duke, akawageukia na pedi ya gemu mkononi. "Chekeni tu. Kesho mtajua mandazi mtakula kwa nani."

Hoteli ya Bathsheba hapa Mosocho inatumia ukuta mmoja na banda la Calvince, kijana wa kutoka upande wa ziwa. Bathsheba aliishia darasa la nane, lakini ulimi wake ulienda chuo kikuu bila yeye. Sufuria za mchana zikishaoshwa, huingia kwa Calvince kupumzisha miguu. Gemu za bunduki alizikataa. Za magari zilimpa kizunguzungu. Ndipo Calvince akamwekea hii ya kulea yatima anayeitwa Lina, na Bathsheba akamlea kama wa tumbo lake. Alimfukuzia mbweha kwenye kuku, akamnunulia viatu kabla ya kumnunulia upanga.

Tangu mwanzo alikuwepo kapteni mmoja mwenye mvi. Ndiye aliyemwokoa Lina kwenye mafuriko akiwa mtoto mchanga, akavuka mlima naye mgongoni, akamlisha uji. "Huyo ndiye mwanaume," Bathsheba alikuwa akiwaambia wateja wake huku akipakua maharagwe.

Leo Lina ametimiza miaka ishirini, na kapteni akaja amevaa safi, na kikapu na pete, akasema amekuja kwa neno la ndoa. Bathsheba angeshuku nini? Kwa Abagusii, yaani Wakisii, mzee wa umri ule akibisha hodi na maneno ya ndoa ni esigani, mshenga, na bwana harusi yuko kwingine. Tena palikuwa na kijana mhunzi aliyekuwa akiangusha nyundo kila Lina akipita. Bathsheba akabonyeza ndiyo, akapiga na kigelegele. Kengele zikalia. Aliyesimama kando ya bibi harusi alikuwa mshenga mwenyewe.

"Yaya!" alipiga ukemi. "Yaya! Yaya!"

"Eeh, ni kweli, alikuwa kama yaya wake," Calvince akaitikia.

"Yaya ni hapana kwa Kikisii, wewe mla omena wa ziwani!"

"Ni gemu tu, mama. Waliotengeneza wanaona hayo ni mapenzi. Tena ukiolewa na kapteni unapewa upanga mkubwa."

"Mtu aliyemlisha uji! Mtu anayejua jino lake la kwanza lilitoka lini! Na ng'ombe zinarudishwa wapi, tuvunje hii ndoa?"

"Hakuna ng'ombe."

"Hata mahari hakutoa?"

Akaketi. Neno mahari lilimrudisha nyumbani kwa baba yake.

Dada yake mkubwa, Eucabeth, naye alikuwa na miaka ishirini alipoposwa. Mzee Mogire, rafiki wa baba yao, ndiye aliyekuwa akimbeba mabegani kwenye harambee alipokuwa mdogo. Alipokuja na neno la ndoa, baba alidhani ametumwa na mwanawe Nyangau, aliyekuwa akisomea ualimu. Chai ikanywewa, ndiyo ikatoka. Bwana harusi alipojulikana kuwa ni Mogire mwenyewe, baba akaona aibu kurudisha neno mbele ya wazee. Eucabeth alimwita mumewe "tata", yaani baba, mpaka siku alipomzika. Hakulizoea jina lingine.

Miaka yote Bathsheba alisema baba alikuwa na macho yasiyoona. Sasa aliangalia kidole gumba chake mwenyewe, kile kilichobonyeza ndiyo.

"Calvince, una dada?"

"Ninaye. Akumu."

"Nani alikuwa akimbeba akiwa mdogo?"

"Ben, rafiki ya baba."

"Basi kesho Ben aje na pete."

"Ai, mama!"

"Ai nini? Si ni gemu tu?"

Calvince hakucheka. Alikuna kichwa, akaichukua pedi. "Niliseivu gemu Jumamosi, kabla ya mavuno; tunaweza kurudi pale. Lakini utavuna mahindi yote upya."

"Nitavuna."

Akavuna. Kule hotelini moto ulizimika, mteja mmoja akaita chai mpaka akachoka akaenda zake. Mwishowe kapteni akaja tena, kikapu kilekile, pete ileile. Safari hii Bathsheba hakuharakisha. Alisoma majibu yote kwa midomo mpaka chini kabisa, ambako hapana ilikuwa imefichwa. Akabonyeza. Mashine ikamuuliza kama ana hakika.

"Hii inauliza mara mbili," alisema polepole. "Baba hakuna aliyemuuliza."

"Unasemaje, mama?"

"Yaya," alimwambia kapteni, akabonyeza kuwa ana hakika.

Kapteni akainamisha kichwa, akaupanda mlima peke yake. Lina akarudi kuwalisha kuku.

Bathsheba alikuwa tayari mlangoni, akifunga leso kiunoni, Calvince alipomwita. "Mama Duke, ile sahani ya ugali na mboga ya managu niliyokopa juzi sijaisahau. Nitakulipa jioni."

"Sahani gani?" alisema Bathsheba, akaenda kuwasha moto.