Mauzo ya Jumamosi

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hadi leo nikiikumbuka natazama chini, hata nikiwa peke yangu shambani. Ni siku niliyoulizwa swali dogo katika ofisi moja ya mikopo mjini Kericho, na jibu langu mwenyewe likaniumbua. Lakini siwezi kukusimulia siku hiyo kabla sijakuambia habari za Mama Njeri, tuliyemzika mwezi uliopita. Tangu mazishi nimekaa na maneno haya. Mimi sikusoma sana, niliachia darasa la saba, kwa hivyo nitaandika tu jinsi mambo yalivyokuwa.

Nilikuja Kapsoit kutoka Kisii nikiwa kijana. Nikachuma majani kwenye mashamba makubwa ya chai, nikaweka akiba, nikafungua duka. Niliuza vitu vya wachumaji: gambuti, vikapu, na zile aproni za plastiki za kuzuia umande. Duka la aina hiyo lilikuwa langu tu. Kisha akaja Mama Njeri, mjane kutoka Nyeri, mtoto mgongoni, akakodi chumba ng'ambo ya barabara. Akaanza kuuza vitu vile vile.

Nitasema ukweli. Wivu ulinishika siku alipotundika gambuti za kwanza mlangoni, na haukuniachia. Mchumaji akipita na aproni mpya, nilitazama rangi nijue kama ni yangu au ni yake. Nilihesabu watu waliovuka barabara kwenda kwake. Nilichukia hata kicheko chake. Kanisani nilikuwa nikiombea biashara za wengine zote kwa majina, ya kwake nairuka.

Unajua mvua ya huku: saa nane inakuja bila kubisha, na soko lote linakimbilia barazani. Sisi wanaume tulicheza drafti mpaka inyamaze. Mama Njeri yeye alitoa daftari chini ya meza akaanza kuandika. Siku moja nikampigia kelele kutoka upande wangu, ili wenzangu wasikie.

"Mama Njeri! Leo unamwandikia Mungu barua gani?"

"Mungu hana shida, Baba Kerubo, yeye anajua," akajibu bila kuinua kichwa. "Ni mimi sijui ile aproni moja imeenda wapi."

Wenzangu walicheka, lakini walinicheka mimi. Hilo nalo nikaliweka moyoni.

Basi chumba cha kona kikabaki wazi, kile kinachotazama mahali wachumaji wanaposhukia kutoka kwenye trekta. Mwenye jengo akasema atakayeleta kodi ya nusu mwaka kwanza ndiye atakayekipata. Nilikitaka chumba kile, mwanangu, kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Na nilichotaka hasa ni kwamba Mama Njeri asikipate. Sote wawili tukaenda kuomba mkopo, tena ofisi moja.

Kule nikaambiwa nilete daftari la mauzo na manunuzi la mwaka mzima, na risiti. Nilikasirika kama mtu aliyeombwa kuonyesha nguo zake za ndani. Nina duka, kila mtu analiona, daftari la nini? Moyoni nikasema wameshaamua kumpa yule mwanamke, wananizungusha tu. Sikuwa na daftari. Pesa ya duka ilikaa mfuko mmoja na ya nyumbani, na nikitaka nyama nilitia mkono humo humo.

Nikanunua daftari. Kwa siku mbili niliketi chumba cha nyuma nikaandika mwaka mzima, tarehe baada ya tarehe bila kuruka hata moja, na kila siku nikaiandikia mauzo mazuri. Nikalipaka jalada udongo kidogo lionekane limezeeka. Nikajiona mwerevu.

Karani wa mikopo alikuwa dada mmoja mtaratibu, jina lake Chepkorir. Alifungua kurasa polepole, akatazama kalenda ukutani, akarudi kwenye daftari.

"Mzee, Jumamosi huwa unafungua duka?"

"Hapana," nikajibu haraka, tena kwa kujivunia. "Mimi nashika Sabato. Jumamosi hata kiberiti siuzi."

"Ni vizuri sana," akasema. "Sasa hizi gambuti za Jumamosi aliziuza nani?"

Akanigeuzia daftari. Jumamosi baada ya Jumamosi, mwaka mzima, kwa mwandiko wangu, nilikuwa nimeuza.

Yule dada hakunicheka. Alishusha sauti ili watu wa kwenye foleni wasisikie.

"Mzee, siombi daftari nijue kama wewe ni tajiri. Bonasi ya chai ikitoka Oktoba, hapa kila mtu ni tajiri. Mimi nataka kuona Julai. Baridi ikikaza na majani yakikataa kuchipua, utalipa na nini? Nikikupa mzigo ambao duka haliwezi kuubeba, nitakuwa nimelifunga hilo duka mimi mwenyewe. Na hizi pesa si zangu. Kuna mama huko Merigi ameziweka hapa kidogo kidogo, ni karo ya mtoto wake." Akagonga jalada kwa kidole. "Daftari lako halina Julai, Mzee. Miezi yote ni Oktoba. Nenda uandike miezi sita ya kweli, hata kama ni mibaya, kisha urudi."

Sikurudi. Nilitoka pale nikiwa na hakika ya jambo moja tu: Mama Njeri amenichomea. Nani mwingine angewaambia habari ya Jumamosi? Na wiki ile ile akapata mkopo, akachukua chumba cha kona. Niliketi mlangoni kwangu nikitazama fundi akipaka rangi maandishi yake, herufi moja moja, na kila herufi ilinichoma.

Nikaanza kusema. Kwamba ana mtu wake ofisini, na kwamba hizo pesa hakuzipata kwa daftari. Nilisema barazani na nilisema kanisani. Salamu zake nikaacha kuitikia. Mke wangu alipojifungua mtoto wa pili, Mama Njeri alivuka barabara kwenye mvua na chupa ya uji, jinsi kwao wanavyomtunza mzazi. Nilimpokea mlangoni, nikamshukuru kwa mdomo, nikazunguka nyuma ya nyumba nikaumwaga wote. Mke wangu hakujua kwamba uliletwa.

Miaka ikapita. Duka lake likawa maduka mawili. Langu likabaki lilivyo, kisha likapungua. Hakuna siku alinisema vibaya, na hilo nalo liliniudhi.

Sasa amekufa. Baada ya mazishi Njeri, ambaye ni mama mzima sasa, alikuja kwangu kwa sababu mimi ndiye mfanyabiashara mkongwe wa mtaa ule. Alitaka kuendeleza maduka kwa mkopo mpya, akaombwa rekodi.

"Baba Kerubo, hawa watu wanataka nini na madaftari ya mtu aliyelala?" akauliza, macho yamevimba. "Njoo unisaidie kupanga."

Tukaketi na sanduku la madaftari. Humo nilikuta siku mbaya nyingi kuliko nilivyodhani. Kuna mahali ameandika "Julai, leo hakuna." Kesho yake tena, "hakuna." Nikalipata la mwaka ule wa chumba cha kona. Kila Jumamosi mauzo yalikuwa makubwa, na kila Jumamosi ameizungushia duara. Mwisho wa daftari ameandika kwa mkono wake: "Jumamosi nisihesabu kwa mkopo. Hao ni wateja wa Baba Kerubo, kwa kuwa hufunga. Siku akiweka mtu wa kumsaidia watarudi kwake."

Alikuwa ameomba mkopo mdogo kuliko aliokuwa na uwezo wa kupata, kwa sababu yangu. Pengine Chepkorir alisoma hapo akajua. Pengine alitazama kalenda tu, akaona nimeandika hata Jumapili na sikukuu. Sijui, na wa kumuuliza hayupo. Ninachojua ni kwamba Mama Njeri hakunichomea. Aliandika ukweli, hata ule uliompunguzia yeye, na mimi nilikuwa nimeandika uongo ulionipandisha.

Nilimwambia Njeri yote, pamoja na habari ya uji. Akafuta macho kwa leso akasema, "Ulikosa, Baba Kerubo. Uji wa mama ulikuwa mtamu."

Mwanangu, ukiombwa rekodi za biashara yako, usione umetukanwa. Anayekukopesha hakuishi dukani kwako. Daftari ndilo macho yake. Andika kila siku, na ile siku ya "hakuna" uiandike pia, maana hiyo ndiyo itakayokuambia mzigo gani unaweza kubeba. Tunza risiti. Jumbe za pesa za simu usizifute. Mfuko wa duka usiwe mfuko wa nyama. Na usimwandikie karani, jiandikie wewe. Miaka ile yote ningeweza kukuambia watu wangapi wameingia kwa Mama Njeri tangu asubuhi. Wangapi waliingia kwangu, sikujua.

Mungu akuvushe Julai zako zote. Akupe mkono usiochoka kuandika ukweli. Na akikupa jirani kama yule, akufumbue macho angali hai, uji wake uunywe ukiwa moto.